Vidonge vya Safari

Dada: Haloo? Nani mwenzangu? Namba siijui.

Fundi: Mdogo wako. Yangu imezima, hii ya jirani wa wodini.

Dada: Wodini? Fundi, wodini kuna ni—

Fundi: Mama. Sukari ilishuka asubuhi, akaanguka jikoni. Nimemkuta amekakamaa, hanijui.

Dada: Mungu wangu! Hamkumlisha?

Fundi: Tulimlisha! Uji, na sindano yake kama kawaida. Sasa daktari anase— [mkwaruzo]

Dada: Unakatika! Anasemaje?

Fundi: Uji umekwama tumboni, haushuki. Sindano imeshusha sukari, chakula hata hakijafika kwenye damu.

Dada: Lakini tumbo lake si zito siku zote, na kutapika kila mara? Kisukari kimelichosha—

Fundi: Ndiyo maana akapewa vidonge vile vya hospitali, vya kusukuma chakula! Nani alisema tumwachishe?

Dada: Vilimtetemesha mikono, Fundi!

Fundi: Tungemwambia daktari, angejua la kufanya. Wewe ukatuma vya safari.

Dada: Mimi nakatisha tiketi stendi. Abiria wangu wote nawapa hivyo, hatapiki mtu mpaka anashuka.

Fundi: Mama si abiria, dada! Vinazuia kutapika, sawa, na tumbo vinalilaza usingizi. Tangu juzi analalamika amejaa, sisi tunachekelea, eti amepona.

Dada: Na mlinisifu. Nyote mlini—

Fundi: Tulikusifu, ndiyo. Wajinga ndio waliwao.

Dada: Daktari anajua ni mimi?

Fundi: Nimesema nimenunua mwenyewe. Nikuvue nguo mbele ya wodi nzima? Nimefokewa kama mtoto, watu wananitazama. Roho inaniuma, dada, wewe hujui tu.

Dada: Ameamka?

Fundi: Ameamka.

Dada: Ee Mungu, asante! Nipe niongee na—

Fundi: Ngoja. Unajua kafumbua macho kasema nini? "Mshukuruni dada yenu. Sijatapika."

Dada: Anishukuru mimi?

Fundi: Vya hospitali kavitema. Nesi kabembeleza, wapi! Anataka vya binti yake. Mimi hanisikii, anasema nina wivu. Nakupa, mwambie aviache vyako—

Dada: Fundi, subiri kwanza! Nitamwambiaje?

Fundi: Kama ulivyomwambia avimeze.

Dada: Mdogo wangu, nakuomba—

Fundi: Salio la watu hili, linaisha. Mama, shika. Binti yako.

Dada: ...Mama?

[simu inakatika]