Mama Rangi Anatuachia Nembo Mpya

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mama Rangi wa Kitengo cha Machapisho katika Kituo chetu cha utafiti wa kilimo anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jina alilopewa na wazazi wake limo kwenye faili la utumishi. Sisi hatujawahi kulihitaji.

Aliajiriwa kuchora wadudu na majani kwa ajili ya ripoti za watafiti. Kituo kilipoanza kujitegemea kikahitaji nembo yake, kazi ikaangukia mezani kwake, na balaa likaanza. Watu wa udongo walitaka udongo, wa maabara wakataka hadubini, wa wadudu wakaapa kwamba bila mdudu hawasaini kitu. Naye, kwa kuwa siku hizo hakupenda ugomvi, akavichora vyote. Rasimu ile ilifanana na kabati la stoo.

Mkurugenzi wa wakati huo akamwambia achague kitu kimoja. Akachagua mbegu inayochipua. Aliotesha maharagwe dirishani kwenye pamba iliyoloweshwa, na kila asubuhi alichora alichokiona kabla hata hajavua koti. Kisha akabandika mchoro getini, akamwomba dereva wa Kituo asimame ng'ambo ya barabara aseme anaona nini. Dereva, mtu asiyemung'unya maneno, akasema anaona kiluwiluwi. Kicheko kilizunguka ofisi zote, na Mama Rangi alicheka kuliko wote. Kesho yake akaunyoosha mkia, akaongeza majani mawili, na nembo yetu ikazaliwa.

Tangu hapo akawa mlinzi wake. Ole wako uivute ili ijae kwenye bango, au ubadilishe kijani chake kwa sababu wino wa printa umekwisha! Alikuwa akisema Kituo kina sura moja tu. Wageni wakiona mbili watadhani wamepotea njia. Wakuu wa idara walimwogopa, nasi tulijificha nyuma yake.

Mwaka huu bodi ilileta nembo mpya iliyochorwa na vijana wa nje, na Mama Rangi akawekwa kwenye kamati ya kuamua. Kura ziligawanyika sawa kwa sawa, ikabaki yake. Tulikuwa na hakika ataitetea mbegu yake kufa na kupona, na wengi tulimwombea ashinde. Yeye akatoa simu, akazifungua nembo zote mbili, akaitazama ya kwake kwa muda mrefu. Kwenye kioo kile kidogo ilikuwa doa la kijani tu, ilhali ile mpya ilionekana wazi. Akaipigia kura ile mpya, akawasifu vijana, halafu akaenda kukaa peke yake kwenye chumba cha chai. Ilimuuma, na hakuficha.

Mkurugenzi alipendekeza nembo ya zamani ibaki milangoni kwa heshima yake. Alikataa katakata. Wiki hii amepita mlango kwa mlango na ndoo ya maji ya sabuni, akibandua stika zake mwenyewe na kufuta gundi. Sisi tulimbebea ndoo. Jana alimalizia mlango wake. Akapangusa mikono, akabandika mpya, akarudi nyuma kidogo kuhakikisha imekaa sawa. Tulilia, tena hadharani.

Asante, Mama Rangi. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na haraka, na wajukuu wa kukuchosha kwa furaha.