Kigari cha Ushirika Kinachokunywa Kama Lori

Basi lilipoiacha Laela, Atusaye, mwalimu mpya aliyekuwa akienda kuripoti kazini Sumbawanga, alitega sikio. Mbele yake Theodory, dereva wa chama cha ushirika, alikuwa akimlalamikia fundi magari waliyekutana humo humo safarini. Petroli ni ya mgao, na kigari chake kinakunywa kama lori. Leo alikuwa anakwenda kujieleza ofisini, maana wakubwa walishaanza kumwita mwizi.

“Labda matairi hayana upepo,” fundi akasema. “Au breki zinashika.”

“Nimeangalia, kaka. Vyote vizima.”

“Basi unapakia nini?”

Theodory akakuna kichwa. “Nikitoka Wampembe, kule ziwani, napandisha mlima na wagonjwa. Wanne, watano. Na ndugu zao. Na samaki wao.”

Fundi akaangua kicheko. “Halafu unashangaa! Kaseme hivyo hivyo.”

“Nikisema, watanikataza kupakia. Nikinyamaza, mimi mwizi.”

“Chagua kazi, bwana. Una watoto.”

“Wewe ungempita mjamzito pale mlimani?”

Fundi akageukia dirishani. Atusaye, aliyefaulu vizuri sana somo la siasa ya ujamaa chuoni, naye akageukia dirisha lake mpaka basi liliposimama stendi.