Mama Yake Kaidi

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, nalo lina miguu mitatu ya mbao na wa nne wa matofali. Hapo huketi, kila baada ya sala ya alasiri, watu wanne: Redio, kinyozi mwenyewe, ambaye hunyamaza akiwa amelala tu; Mapande, muuza nyama wa ng'ambo ya barabara; Birika, mwenye kahawa; na mimi, msomeshaji wa vitabu vya zamani, wanayeniita Maalim na kunitengea upande wa ukutani, nilipotandika ngozi ya mbuzi kwa ajili ya kiuno changu. Siku hiyo jambo lilikuwa moja. Homa ya mapafu ilikuwa imeingia zizini kwa Birika na kuua mbuzi thelathini; mmoja, jike mweusi wa miaka miwili, hakukohoa hata mara moja. Tukamwita Kaidi.

— Ile ni damu, alisema Redio. Baba yake ni beberu wangu. Si mnamjua? Aliwahi kula betri.

— Ya tochi au ya gari?

— Wewe Mapande, betri ni betri!

— Damu kitu gani! Yule alikuwa akishinda nyuma ya duka langu. Moshi wa kuchomea vichwa umemkausha mapafu. Homa imefika, imekosa pa kulala.

— Basi wewe usingekuwa unapiga chafya mwaka mzima, alisema Redio.

— Ni makapi ya kahawa, alisema Birika. Alikuwa anayala yote. Hasinzii! Ugonjwa unamwingiaje mtu aliye macho?

Wakanigeukia. Walimu wangu, Mungu awarehemu, walinifunza kutamka "sijui" kabla ya kunifunza herufi. Nami nikasafisha koo.

— Nilimsomea dua akiwa mdogo.

— Na wale thelathini, Maalim?

— Hao sikuwasomea.

Hapo ndipo alipofika yule binti wa chuo, mtafiti wa kinga na nasaba za mifugo, aliyekuwa akija zizini wiki ya tatu sasa na kisanduku chake cha barafu.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, Daktari, alijibu Redio. Hivi kweli, miaka saba chuoni unasomea mbuzi? Mbuzi mwenyewe haishi miaka saba!

— Akiwa jirani na Mapande, hata miwili ni bahati, alisema Birika.

Binti alicheka kidogo, akaketi ukingoni.

— Mzee Redio, beberu wako nimempima. Si baba yake Kaidi.

— Pima tena.

— Nimepima mara mbili. Baba ni yule wa pembe moja, wa humo humo zizini.

Mapande alicheka hata kahawa ikamtokea puani.

— Miaka miwili unatembea kifua mbele kwa mtoto wa mwenzio!

— Lakini huyo baba amekufa na wenzake, aliendelea binti. Kwa hiyo huenda kinga imetoka kwa mama. Ijumaa wakubwa wangu wanakutana. Nikionyesha kwamba imerithiwa, nitaendelea, na huenda siku moja tukazalisha mbuzi wasiouawa na homa hii. Nisipoonyesha, watasema ni bahati tu, nami nifunge maabara. Nina swali moja. Mama yake ni yupi?

Redio alitazama mkasi wake. Birika alimimina kahawa katika kikombe kilichokwisha jaa.

— Alikuwa... mbuzi, alisema Birika.

— Mweupe, alisema Redio.

— Mweusi, alisema Mapande polepole. Wa kuchechemea, mwenye baka jeupe shingoni. Namkumbuka kwa sababu ile homa ya kwanza, iliyokuja kabla ya hii, ilimpita kando. Ila alikuwa hazai tena, Birika akaniuzia.

Binti alikuwa amekwisha simama.

— Yuko wapi?

— Mwanangu... tulimla. Sote hapa. Redio alirudia supu mara tatu.

— Kumbe kinga ninayo! alisema Redio.

Binti alifunga kisanduku, akakaa tena, akawa anatazama viatu vyake vilivyojaa samadi.

— Hakubaki chochote? Pembe? Kwato?

— Nilitupa.

— Hata unywele mmoja wenye mzizi wake ungenitosha. Ngozi je?

— Ngozi niliianika juani tu, ikakauka, nikampa mtu mmoja aliyekuwa analalamika...

Mapande akanitazama, wala si usoni.

Mwaka na nusu nilikuwa nimeikalia ngozi ile, na juu yake nikatoa hukumu katika kila jambo lililoletwa kwenye benchi lile. Niliinuka taratibu, kiuno kikinilaumu, na pale nilipokuwa likaonekana baka jeupe.

— Itafaa, Maalim? aliuliza Birika kwa sauti ya chini.

Binti alikuwa amepiga magoti mbele ya benchi, kibano mkononi, akichagua unywele.

— Sijui, nikasema, nikabaki nimesimama.