Kompyuta Haina Dada

FUNDI: Haloo, nani mwenzangu?

BINGWA: Yaani namba ya shemeji yako hujaiandika mpaka leo?

FUNDI: Niliiandika, nikaifuta. Habari za huko?

BINGWA: Mbaya. Zima hiyo cherehani, inanikwaruza sikio.

FUNDI: Ni ya miguu, haizimwi. Nina sare za shule za kumaliza hapa. Dada hajambo?

BINGWA: Hajambo, yuko jikoni anaosha vyombo. Shemeji, jana ulisikiliza redio?

FUNDI: Nilisikiliza.

BINGWA: Ule ujinga wa ngumi za kompyuta?

FUNDI: Nilicheka mpaka nikajichoma sindano.

BINGWA: Unacheka. Mtangazaji mwenyewe hajawahi kula hata kofi. Anachukua urefu wa mtu, uzito wake, mikanda yake ya zamani, anasukumiza yote kwenye kompyuta kama viazi kwenye gunia, halafu anatwambia nani angempiga nani. Eti wanaandika upya historia ya uzito wa juu. Nani kawatuma?

FUNDI: Na pambano letu wamelirudia.

BINGWA: Mara mia! Wametupiganisha mara mia, na mara mia zote umeshinda wewe.

FUNDI: Rudia hapo, mtandao unakwama. Mara ngapi?

BINGWA: Umesikia vizuri sana wewe. Kwenye historia yao mkanda umeuvaa wewe, ukautetea mpaka ukachoka mwenyewe. Mimi nimetajwa mara moja tu, kabla ya tangazo la sabuni.

FUNDI: Sabuni gani?

BINGWA: Usinitanie, mtu nina hasira. Ule ukumbi wa mazoezi wa chama cha ngumi walikuwa waupe jina langu, unajua. Leo mwenyekiti wao ananipigia, anajiumauma, oh, tusubiri kidogo, watu wanaongea. Watu gani? Vitoto visivyojua hata kufunga glovu! Kwa hiyo Jumamosi tunakwenda redioni, mimi na wewe. Utasema wazi kwamba kompyuta yao ni takataka. Konde langu la kulia lilikulaza, ukahesabiwa mpaka kumi, kwisha.

FUNDI: Siendi.

BINGWA: Kwa nini?

FUNDI: Nina sare.

BINGWA: Wewe na sare zako. Mwanamume mzima, futi shingoni, kazi kupima viuno vya watoto. Mtu ulikuwa na mabega hayapiti mlangoni! Konde moja tu, ukakimbilia sindano na uzi.

FUNDI: Shemeji, chunga mdomo.

BINGWA: Nichunge nini? Si mwenyewe uliniambia, umelala kitandani na barafu shavuni, kwamba hukuliona linavyokuja?

FUNDI: Nililiona.

BINGWA: Ee?

FUNDI: Nililiona tangu linatoka kwenu. Lilikuja linajikokota, ningeweza kushona kifungo na kukata uzi kabla halijafika.

BINGWA: Hapa mtandao unakatakata, sijakusi—

FUNDI: Umenisikia.

[Cherehani imesimama.]

BINGWA: Kama uliliona, mbona hukulikwepa?

FUNDI: Hicho ndicho wasichokijua hao wa redio. Kompyuta haina dada.

BINGWA: Dada anaingiaje hapa?

FUNDI: Siku ile asubuhi alikuja chumbani kwangu, macho yamevimba, ameshika tumbo. Huyo binti yenu mkubwa ndiyo alikuwa tumboni. Akalia mpaka akakaa chini. Akaniambia nikikupiga humuoi, maana ulishatangaza mbele ya umati, huwezi kuoa nyumba ya mtu aliyekupiga. Ulisema, hukusema?

BINGWA: Nilisema, lakini—

FUNDI: Sasa ningefanyaje? Nikupige, mpwa wangu azaliwe hana baba? Nikalala chini, nikamsikiliza mwamuzi anahesabu. Ubingwa wako ndiyo huo. Kaubandike ukutani.

BINGWA: Shemeji.

FUNDI: Na bado unakuja kwangu, unakula ukashiba, unasimama katikati ya sebule yangu kuwaonyesha wanangu nilivyoanguka. Nakuangalia tu. Nasema moyoni, mtu mzima hovyo.

BINGWA: Shemeji, yale yalikuwa maneno ya kuuza tiketi.

FUNDI: Yapi?

BINGWA: Ya kwamba sitamuoa. Ningemuoa hata ungenivunja taya. Chumba nilishapanga, kitanda nilishanunua.

[Mtandao unakwaruza.]

FUNDI: Yeye hakujua.

BINGWA: Nani?

FUNDI: Dada. Hakujua kama ni maneno ya tiketi. Sema hakujua.

BINGWA: Aliyeyatunga ni yeye.

FUNDI: Unasema?

BINGWA: Tulikuwa tumekaa kwenye kile kitanda kipya, tunacheka. Akaniambia, wewe sema hivyo, ukumbi utajaa. Kwamba alikuja kwako asubuhi ile sikujua mimi, naapa. Nilijua nimekupiga. Miaka yote najua nimekupiga.

FUNDI: Mpe simu.

BINGWA: Labda aliogopa. Alijua ungeniumiza, na mimi ndiyo—

FUNDI: Mpe simu, nimesema.

BINGWA: Amefunga bomba. Amesimama mlangoni hapa, sahani mkononi, inadondosha maji. Nadhani amesikia. Mke wangu, ni kaka yako huyu. Njoo uongee naye.

FUNDI: Dada?

BINGWA: Anatikisa kichwa.

FUNDI: Mwekee sikioni.

BINGWA: Hataki, shemeji. Anarudi nyuma. Na dakika zangu ndiyo hizo zinakwi—

[Simu imekatika.]

FUNDI: Haloo? Dada? Mara mia zote, dada. Haloo?