Antena Haihitaji Huruma

MAMA: Haloo? Nani mwenzangu?

MASTURA: Ni mimi, mama. Shikamoo.

MAMA: Marahaba, Mastura. Sisi huku Shangani hatujambo. Umefika Msimbati?

MASTURA: Nimefika, niko ufukweni. Redio yangu ya hapo nyumbani umeiwasha?

MAMA: Nimeiwasha, daftari liko mapajani, na kile kitufe cha kuongelea sijakigusa—

MASTURA: Usikiguse, leseni ni yangu! Haya, nimeshakuita redioni mara mbili. Antena ya kwanza, ile ya kwenye pikipiki, ulinisikiaje?

MAMA: Nzuri sana.

MASTURA: Na ya pili, ya fimbo—

MAMA: Nzuri sana nayo.

MASTURA: Kwenye ya pili nilisema nini?

MAMA: Ee... ulisalimia.

MASTURA: Nilitaja samaki watatu! Mama, hukusikia kitu.

MAMA: Nilisikia mchakarisho tu, kama mafuta ya kukaangia. Zote mbili. Lakini mtu amehangaika wiki nzima na koleo na waya, nimwambie kazi yake haifai? Hata ukikaribishwa ugali mbichi unakula, unasema alhamdulillahi.

MASTURA: Huu si ugali, mama! Kesho chama chetu cha redio kinanipeleka Kitaya na antena moja tu. Ruvuma ikifurika, simu zikakatika, watu wa kule wataombaje msaada? Nikibeba mbovu kwa sababu wewe ume—

MAMA: Basi, mwanangu. Nisamehe. Ninapiga mstari juu ya "nzuri". Ninaandika: ya kwanza, bure. Ya pili, bure kabisa.

MASTURA: [anacheka] Kabisa tena!

MAMA: Si umetaka ukweli?

MASTURA: Haya. Ya tatu ni waya mtupu, nimeufunga juu ya mwanzi wa kuangulia maembe. Nitasema maneno manne redioni. Usinihurumie. Usikate simu.

[Mastura anaongea redioni. Mtandao wa simu unakwaruza.]

MASTURA: Haloo? Mama? Umepata nini?

MAMA: Subiri, ninasoma. "Mbaazi." "Kivuko." La tatu sikulisikia, nimeacha nafasi. La nne, "Mikindani."

MASTURA: Mama! La tatu ndipo upepo uliponiinamishia mwanzi! Nitaukaza kwa kamba. Basi mwanzi ndio unaokwenda Kitaya!

MAMA: Alhamdulillahi! Na hii ninaisema kwa moyo.

MASTURA: Salio linaisha, mama, nakuaga—

MAMA: Ngoja kidogo. Maadamu leo umeniruhusu kusema kweli, yule Abdulmalik uliyemleta nyumbani nimwone—

MASTURA: Enhe? Abdulmalik kafanyaje?

[Simu inakatika.]

MASTURA: Mama? Haloo? Mama!