Kumtibu Joab Meno

Sisi tunachuma chai mchana na jioni tunakunywa kahawa, wala hatuoni haya. Anayeiuza ni Gichuki, tunamwita Kopo, na benchi lake liko njiapanda ya Kapkatet. Jumamosi hiyo ya mwaka hamsini na sita mgonjwa wetu alikuwa Joab wa kiwandani, mwenye meno ya rangi ya majani makavu ya chai. Alikulia shamba la mzungu upande wa Nakuru, akinywa maji ya kisima cha huko, na meno yakaota hivyo. Kesho anakwenda mara ya pili kwa kina Bosibori, msichana anayemposa, na wakimkataa, ndoa hakuna. Basi tukaanza kumtibu.

— Sugua na mkaa, Kopo alisema. Haba na haba hujaza kibaba.

— Nimesugua mpaka damu, Joab alijibu, mkono mdomoni kama kawaida yake. Daktari alisema hii rangi iliingia jino likiwa bado ndani ya ufizi. Haitoki. Labda kufunika na dhahabu.

— Dhahabu ya nani? Spana, fundi wa malori, alitoa mfukoni tupa yake ya kukwangulia chuma. Mimi napiga hii, halafu napaka rangi nyeupe ya lori.

— Na ikibanduka?

— Tunapaka tena. Bandu bandu humaliza gogo.

— Mnacheza, Mzee Kipkorir alisema. Kwetu tuling'oa meno mawili ya chini na wasichana walitupenda. Wewe ng'oa yote. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Mimi nilisema ndimu, kwamba ilimponya ndugu yangu. Sina ndugu.

Hapo akafika Kemuma, mama mdogo wa Bosibori, na kikapu chake. Joab alisimama, akainamisha kichwa, akaziba mdomo.

— Keti, mwanangu. Shemeji yangu, baba ya Bosibori, amekataa kulala. Ile siku ulikuja, watu wote walicheka, wewe kimya, mkono mdomoni. Anasema una kiburi, hataki kukupa msichana. Sasa nauliza hawa rafiki zako: huyu kijana huwa anacheka?

Tumekaa naye benchi moja miaka, na hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Niliona aibu, nasema kweli. Spana akajaribu kuficha tupa, ikamponyoka, ikamwangukia kidole cha mguu, akarukaruka huku akiita mama yake.

Joab akacheka. Alisahau mkono, meno yakaonekana yote, ya juu na ya chini.

Kemuma aliyatazama vizuri.

— Kumbe ni hii tu? alisema. Kesho kuja nayo yote.