Binti Yetu, Mtunza Maghala Matatu ya Wagonjwa

Ndugu, majirani na mliofanya naye kazi, tunaanza pale alipoanza. Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1984, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha magunia. Mama yake ni fundi cherehani, baba yake alikuwa dereva wa lori. Alikuja ametanguliza miguu. Mkunga akasema huyu hatakuwa mtu wa kuambiwa, na hakukosea.

Alisoma shule ya msingi iliyo mkabala na kiwanda, kisha sekondari ya bweni, akamaliza mwaka 2002. Alipotaka kwenda chuo kusomea kompyuta, mama yake alimwambia, "Hiyo ni kazi ya watu wanaoogopa jua." Akajibu, "Na wewe mama, cherehani yako umeiweka uwanjani?" Akaenda. Alihitimu mwaka 2007.

Mwaka 2009 aliajiriwa na kampuni inayotunza kumbukumbu za kliniki tatu. Aliandika programu kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java. Kila kliniki ilikuwa na hifadhidata yake, yaani ghala la majina, maradhi na dawa, na programu ni moja tu inayohama ghala hadi ghala. Mama yake alimuuliza inajuaje iingie wapi. Akamweleza, "Programu yangu haijitafutii ghala, mama. Inapewa kutoka nje. Kama wewe: hufumi kitambaa, unaletewa. Iwe hariri, iwe kaniki, mkono wa kushona ni uleule." Hakuna profesa ambaye angeeleza vizuri kuliko hivyo.

Aliolewa Jumamosi, tarehe 6 Agosti 2011, na fundi umeme, mtu mpole anayesikia anapotaka. Walijaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume. Baba yake alimtangulia mwaka 2015.

Novemba 2022 moyo wake ulianza kuvimba. Mwezi Mei mwaka uliofuata alilazwa wodi namba nne, kitanda cha dirishani. Huko habari zikamfikia: kwenye kliniki ya tatu, programu ilimtolea mgonjwa namba arobaini lebo ya dawa za namba arobaini wa kliniki ya kwanza. Muuguzi aliuliza jina kwanza, ndiyo salama ya yule mgonjwa. Ofisini wakasema ni mkono wa muuguzi. Marehemu akasema, "Hapana, ni mkono wangu."

Alikaa siku tatu na daftari kifuani mpaka akaliona kosa. Programu ikikwama katikati ya kazi, haifuti alama ya kliniki iliyokuwa ikiihudumia. Kazi inayofuata inaikuta alama hiyo na kuingia ghala la wengine. "Ni kuacha uzi mweusi cherehanini, mama. Anayekuja anashonea gauni jeupe."

Alimpigia mkuu wake simu mara tano. Mama yake alikuwepo, alisikia.

"Dada, wewe pona kwanza," mkuu alisema.

"Kuna watu watakunywa dawa za watu."

"Hilo ni moja katika elfu."

"Huyo mmoja ana mama yake."

Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Juni 2023, saa nne asubuhi. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Hadi leo tunaposoma hapa, lebo zinatoka vilevile.

Siku moja kabla ya kufariki, alimwandikisha mama yake maneno haya, herufi kwa herufi, akayarudia mara mbili: "Amri ya kufuta alama ya kliniki iwekwe mahali pasiporukika, kazi ifaulu au ikwame. Na kazi isiyotaja kliniki isipewe ghala lolote. Ikataliwe." Ndiyo maana yamechapwa katika wasifu huu.

Mkuu wake yuko hapa, mstari wa pili. Familia imempa nakala mbili za maneno hayo, asije akasema moja imepotea. Mkuu, hatukushtaki. Tunakuomba, na kuomba kumetuchosha. Msiba huu ni wetu peke yetu, usitutafutie wenzetu.

Marehemu ameacha mama, mume, watoto wawili, kaka wawili, na wagonjwa wa kliniki tatu wasiomjua. Hatuwezi kumwambia apumzike na kazi ya mkono wake bado inakosea. Mkuu, tukitoka makaburini pitia ofisini kwanza, chakula chako tutakiwekea. Ukisharekebisha, hapo ndipo mwanetu atakapolala kwa amani.